Nyanda za Juu Kusini kwa gari la abiria: Isimila, Kalenga, Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu. Tushukie wapi?

pembeni_ya_lami

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wanaoijua Iringa, Mbozi na Rungwe kwa undani, si kwa kusikia.

Mwishoni mwa Juni nasafiri na mama yangu kutoka Dar kwa basi. Tuna siku nane, za njiani zikiwemo. Mbuga za wanyama tumeziweka kando safari hii. Tunachotaka ni vile vitu ambavyo mabasi ya Mbeya na Tunduma yanavipita kila siku abiria wakiwa wamelala: zana za mawe za Isimila, fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, pale Kalenga, Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi.

Gari hatuna, na kukodi kutoka Dar kwa siku zote hizo hatuwezi. Mama ana miaka 63. Kwenye tambarare anatembea hata saa mbili bila shida, ila mteremko mkali unamuumiza magoti, na bodaboda hapandi. Naomba kujua: kwa kila sehemu tushukie wapi hasa, kipande cha barabara ya vumbi tukimalize vipi, na kipi tukiache kwa ajili ya magoti yake? Tena tukishafika, tuangalie nini? Sitaki tufike kwenye jiwe, tupige picha moja, tugeuze.

korongo_la_pili

Karibu mkuu, na shikamoo kwa mama. Nachukua Isimila na Kalenga, wengine watamalizia kule mbele.

Mji wa Iringa uko juu ya mlima, na mabasi ya Dar–Mbeya hayapandi huko. Yanaingia stendi ya Igumbilo, chini kwenye barabara kuu. Laleni Iringa usiku wa kwanza na msipange kitu kingine siku hiyo. Mlima Kitonga hauna ratiba: lori moja likizima kwenye kona, foleni inaweza kusimama kwa saa kadhaa, na mpango wa "tutapita Isimila jioni" unafia hapohapo.

Asubuhi ya pili teremkeni Ipogolo mpande gari la Ifunda au Mafinga. Mwambieni konda mapema kwamba mnashuka njia panda ya Isimila, kwa sababu ni kilomita 20 tu kutoka mjini na dereva akishachanganya gia hapendi kusimama. Kuna kibao. Kutoka lami hadi ofisini ni kama dakika 20 hadi 25 kwa miguu, vumbi lakini tambarare, mama atauweza. Fikeni mapema. Korongo halina kivuli, na kuanzia saa sita mchana ule udongo mweupe unarudisha joto usoni. Maji bebeni kutoka mjini, lita moja na nusu kila mtu.

Sasa cha kuangalia. Pale palikuwa na ziwa la kina kifupi lililokauka. Kijito cha Isimila kimekuja kukata tabaka zake za mchanga na udongo, unene wa mita 18 hivi, na zana zikajitokeza. Ziligunduliwa mwaka 1951, halafu F. Clark Howell na wenzake wakachimba 1957 na 1958. Vipimo vya urani na thoriamu vilitoa umri wa karibu miaka 260,000. Zipo zana zilizoachwa zimelala palepale zilipofukuliwa, chini ya mabanda, na hapo ndipo watu wanapopoteza bahati yao: wanaona lundo la mawe, wanapita.

Chagueni jiwe moja mlichunguze. Shoka la mkono lina umbo la tone la maji na limebanduliwa pande zote mbili. Kila kipande kilichobanduka kimeacha kovu lenye kibonde, na makovu ya upande huu yanakutana na ya upande ule kwenye ukingo unaojipindapinda. Ukingo huo haujitokezei wenyewe. Jiwe lililopasuka kwa jua au kwa kudondoka lina kovu moja au mawili yasiyo na mpangilio. Kuna aina nyingine ambayo mbele haina ncha, imekatika moja kwa moja kwa upana, hiyo ni ya kupasulia. Tazameni pia ukali wa kingo. Zana ambayo kingo zake bado zinakwaruza haikusombwa mbali na maji; iliyolainika pembe imesafiri na mto kabla ya kufunikwa. Muulizeni mwongozaji awaonyeshe zote mbili, zikae karibu karibu machoni. Kwenye jumba dogo la makumbusho ulizeni habari za mifupa ya kiboko wa kale, *Hippopotamus gorgops*, ambaye macho yake yalikaa juu ya fuvu zaidi kuliko kiboko wa leo. Ndiyo sababu ya kuamini kwamba ule ukavu wote ulikuwa maji.

Nguzo za udongo ziko korongo la pili, mwendo mfupi kutoka kwenye zana. Kila nguzo imesimama kwa sababu juu yake kuna kofia ya tabaka gumu inayokinga mvua. Kofia ikianguka, nguzo yake inaanza kuisha. Kwa hiyo msiziegemee wala kuzipanda. Njia ya kushukia chini ni ya udongo unaoteleza kokoto, fupi ila kali. Mama akiona hapendi, nguzo zinaonekana vizuri kutoka ukingoni. Na msiokote hata kipande kimoja cha jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na zaidi ya sheria, zana iliyohamishwa haisemi kitu tena: maana yake iko kwenye tabaka ilipolala.

Mchana rudini mjini mpande daladala ya Kalenga upande wa Mlandege. Ni kama kilomita 15, njia ya kuelekea Ruaha. Makumbusho ni chumba kidogo, mtu mwenye haraka anakimaliza kwa dakika kumi. Msiende kwa haraka. Ngome ya Mkwawa ilikuwa hapo Kalenga, ikaangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Yeye aliendelea kupigana porini hadi alipojiua 19 Julai 1898. Fuvu lake likawa suala la mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai na kwa tundu la risasi. Simameni mbele ya kioo mlitafute tundu hilo, halafu muulizeni mhudumu awasimulie. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ni mabaki ya mzee wa watu, na wajukuu wake wako hapohapo kijijini.

msomaji_wa_udongo

Mkuu korongo_la_pili kamaliza. Nyongeza mbili tu. Ukitokea Dar, kabla ya kufika Iringa utapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilimaliza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kuna mnara. Kwa basi hamtaweza kusimama, basi kaeni macho tu.

Ya pili: boma la Wajerumani pale mjini Iringa limefanywa makumbusho ya mkoa tangu 2016. Mkilala mjini mnafika kwa miguu, na mama atapata pa kupumzika akiwa anaangalia kitu cha maana. Ningelianza hilo kabla ya Kalenga kama muda upo, kwa sababu linakupa picha ya Uhehe wenyewe, si vita peke yake.

ndolezi_njia_ya_vumbi

Mimi nasemea Kimondo.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni siku nzima, msidanganyane. Lami ni nzuri ila malori ni mengi, na kuanzia Uyole hadi Mbalizi ndani ya Jiji la Mbeya foleni inaweza kula saa nzima. Laleni Mbeya. Asubuhi msipande basi kubwa la Tunduma, wengi hawapendi abiria wa njiani na watawatoza nauli ya mwisho wa safari. Pandeni kosta au Noah za Vwawa, mshuke Mlowo.

Kibao cha Kimondo chenyewe kiko kabla ya Mlowo, upande wa kushoto ukitokea Mbeya, kama kilomita 50 kutoka mjini. Ukishuka kibaoni na hamtaki bodaboda mtakaa juani, kwa sababu mbele yenu kuna kilomita 13 za vumbi hadi kijiji cha Ndolezi na gari la abiria la kuaminika hakuna. Mlowo ni mji wa biashara, teksi na bajaji zipo. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, taja saa za kusubiri (saa moja na nusu inatosha), na ulipe nusu mkiondoka na nusu mkirudi Mlowo. Anayelipwa yote Ndolezi anaweza kupata mteja mwingine akawaacha. Juni barabara ni kavu, gari dogo linafika. Masika kuna kijito kama kilomita mbili kabla ya kufika kinachokwamisha gari dogo. Nyinyi hakitawahusu.

Eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, usishangae kuona nembo yao mbali hivyo na kreta. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu au benki, kwa hiyo hakikisheni kuna salio kwenye akaunti ya simu kabla ya kuacha lami. Bebeni vitambulisho vya taifa (NIDA) ili mtozwe kama raia.

Kimondo kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Kina urefu wa mita tatu hivi. Kuhusu uzito mtakuta tani 12 kwenye maandishi mengine na tani 16 kwenye mengine. Yote ni makadirio yanayotokana na umbo lake na uzito wa chuma. Kwa vyovyote ni miongoni mwa vikubwa duniani, ingawa kile cha Hoba nchini Namibia, cha tani 60 hivi, kinakizidi mbali. Wenyeji walikijua siku zote. Habari zake zilitoka nje mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Kilikuwa kimezama ardhini, wakachimba pembeni pande zote wakaacha kinguzo cha udongo chini yake, kisha wakakijengea msingi wa zege. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya meza.

Sasa namna ya kukitazama. Anzeni na ngozi yake. Juu kuna vibonye vibonye, kama udongo wa mfinyanzi uliobonyezwa kwa vidole gumba kabla haujakauka. Ni alama za kuyeyuka: kilipopenya angahewa uso wake uliungua na hewa ya moto ikachimba penye ulaini. Zungukeni hadi mwisho wenye sehemu iliyokatwa kwa msumeno ili kuchukua sampuli. Linganisheni rangi ya pale na ya kwingine, maana ile nyeusi ya kahawia mnayoiona kote ni kutu na ganda la nje, ndani ni chuma na nikeli. Uchunguzi ulitoa chuma asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 8.7, iliyobaki ni shaba kidogo, fosforasi na salfa. Nikeli nyingi kiasi hicho ndiyo inayokitenga na chuma cha kawaida cha ardhini, na ndiyo iliyofanya kiwe kigumu kukata.

Bebeni sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Itanata. Ukiwa na dira, au simu yenye dira, ianzie mbali kama mita kumi uisogeze taratibu: mshale utaanza kuyumba kabla hujakigusa. Kigongeni kwa kiganja tu, si kwa jiwe. Alama za watu waliojaribu kumega zipo, na haziondoki.

Mtajiuliza shimo liko wapi. Halipo. Kitu kizito hivi kilipaswa kuchimba ardhi, lakini kilianguka zamani mno kiasi kwamba mmomonyoko na udongo mpya vimefuta kila dalili. Hata kwenye simulizi za wenyeji hakuna anayesema babu yake alikiona kikianguka. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko tani zake.

Tarehe 30 Juni ni Siku ya Vimondo Duniani na huwa kuna maadhimisho palepale. Kama safari yenu inaangukia siku hiyo, usafiri utakuwa rahisi ila watu watakuwa wengi na hamtapata nafasi ya kukizunguka kwa utulivu. Mnaotaka kukitazama, nendeni siku moja kabla au baada.

pembeni_ya_lami

Wakuu, sikutegemea majibu ya namna hii, Mungu awabariki. Nimemsomea mama, sumaku keshaitafuta. Bado Rungwe. Nimesikia Ngozi ni msitu wa kupanda, na Kijungu, kile chungu cha mwamba mtoni, iko ndani ya eneo la magereza. Kweli?

mwana_wa_kiwira

Kweli yote mawili.

Kutoka Mbeya mjini, magari ya Tukuyu na Kyela yanapatikana stendi ya Nane Nane au Uyole. Tukuyu ni kama kilomita 70. Fanyeni Tukuyu ndiyo kituo chenu, gesti zipo, na bebeni masweta mazito. Juni na Julai Rungwe ni baridi ya kweli, asubuhi ukungu unashuka hadi barabarani.

Daraja la Mungu: shukeni Kibwe, kilomita 12 hivi kabla ya Tukuyu ukitokea Mbeya. Hapo barabara inachepuka kwenda magharibi, na Daraja liko kama kilomita 12 ndani. Kijungu iko mbele zaidi kwenye mto uleule wa Kiwira. Magari ya abiria yanajaza taratibu na kurudi ni shida, hivyo kwa mama kodini teksi kutoka Tukuyu kwa nusu siku ifanye zote mbili kwa mkupuo mmoja. Mtindo wa malipo ni uleule wa Mlowo: nusu mkianza, nusu mkimaliza.

Daraja ni mwamba wa lava kutoka volkano ya Rungwe. Lava ilimwagika kwenye bonde la mto, juu ikapoa na kuganda, maji yakaendelea kujitafutia njia chini yake hadi yakaacha tao. Watu wengi wanasimama juu yake wanapiga picha ya maji, na daraja lenyewe hawalioni. Tafuteni mahali pembeni, upande wa chini wa mto, ambapo unaona unene wa tao na maji yakitoka chini yake kwa pamoja. Mwamba una unyevu na kuvu saa zote, viatu vya soli laini vinateleza. Mama asimame sehemu iliyo kavu, mbali na ukingo. Kuogelea hapana, mkondo wa Kiwira unavuta chini kuliko unavyoonekana juu.

Kijungu iko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Unapita getini, unajitambulisha, unaonyesha kitambulisho, unasema wazi kwamba umekuja kutazama Kijungu. Askari wanaelewa, wageni si wapya kwao. Simu iwekeni mfukoni mpaka mfike mtoni: majengo, geti na watu wenye sare hawapigwi picha, na ukikosea hapo siku yenu imeisha. Kule chini mto mzima unabanwa na mwamba na kuingia kwenye chungu cha mviringo kilichochimbwa na maji yenyewe. Mawe yaliyonaswa ndani yanazungushwa na mkondo, yanasaga kuta, na chungu kinazidi kupanuka. Sikilizeni. Mto ukiwa na maji mengi, sauti ya kusaga inasikika chini ya sauti ya maji.

Ngozi sasa. Ni kreta katika Milima ya Uporoto, kilele kama mita 2,620, na ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Mnashuka Mchangani, karibu na Isongole, kwenye barabara ya Mbeya–Tukuyu. Kuna kilomita tano hivi zinazopita mashamba ya viazi, kisha msitu, kisha kupanda. Kipande cha mwisho ni mizizi na udongo mweusi unaoteleza, mwinuko mkali. Kwa mtu mzima wa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili za kupanda, na kushuka ndiko kunakoua magoti. Bi mkubwa asipelekwe. Nasema kwa heshima: huko katikati hakuna gari la kumfuata.

Kama wewe mwenyewe unataka kwenda, lipia kwa maofisa wa misitu (TFS), chukua mwongozaji, na uanze kupanda saa moja asubuhi. Baada ya saa tano mawingu yanaingia kwenye kreta na unafika juu ukaone ukuta mweupe. Ishia ukingoni. Njia ya kushukia majini ni karibu wima, na maji yenyewe hayanyweki, yana chumvi. Ziwa halina mto unaotoka, na chini yake ardhi bado ina moto: ndiyo sababu Serikali imekuwa ikichoronga visima vya jotoardhi eneo hilo.

msomaji_wa_udongo

Badala ya Ngozi, mpeleke mama Masoko. Ni ziwa la kreta pia, dogo, kusini-mashariki mwa Tukuyu, na gari linafika hadi ukingoni. Maji yametulia na msitu umelizunguka. Wanasayansi walitoboa tope la chini ya ziwa hilo wakapata mfululizo wa tabaka zinazorudi nyuma karibu miaka 45,000, zikiwa na chavua na majivu ya volkano, kwa hiyo historia ya mvua ya Rungwe nzima imelala pale chini. Pembeni kuna boma la Wajerumani lililokuja kutumika kama mahakama. Teksi ileile ya Tukuyu inaweza kuwapeleka siku inayofuata.

Sikubaliani na mwana_wa_kiwira kwenye jambo moja. Kuunganisha Daraja na Kijungu kwa nusu siku kunawezekana, ila mkianza saa nne mtafika Kijungu saa ambayo geti limechangamka na watu wa kuwasindikiza wako kwenye kazi nyingine. Ondokeni Tukuyu saa moja na nusu, anzeni na Kijungu, rudini na Daraja.

mwana_wa_kiwira

Hilo nalikubali. Kijungu kwanza. Na msiende Jumapili asubuhi.

ndolezi_njia_ya_vumbi

Ukipanga siku nane: ya kwanza Dar–Iringa, ya pili Isimila na Kalenga, ya tatu Iringa–Mbeya, ya nne Kimondo mkilala Mbeya, ya tano asubuhi Tukuyu na mchana Masoko, ya sita Kijungu na Daraja la Mungu, ya saba wewe Ngozi alfajiri na mama apumzike, jioni mrudi Mbeya, ya nane basi la alfajiri kwenda Dar. Siku ya saba ndiyo inayobana. Ngozi iko njiani kati ya Tukuyu na Mbeya, hivyo mizigo na mama vitangulie Mbeya kwa gari la asubuhi, wewe ushukie Mchangani. Ukitoka msituni saa nane mchana, magari ya kwenda Uyole bado yanapita kwa wingi.

Tiketi ya kurudi Dar ikateni mkiwa Mbeya siku ya nne, si siku ya saba usiku. Juni ni msimu wa likizo za shule na viti vya mbele, ambavyo magoti ya mama yanavihitaji, vinaisha mapema.

pembeni_ya_lami

Nimeandika yote. Swali la mwisho: Isimila na Kalenga siku moja haitamchosha mama?

korongo_la_pili

Haitamchosha mkiondoka Ipogolo saa mbili kasoro. Isimila tengeni saa mbili na nusu, ndani yake akae kivulini bandani wakati wewe unashuka kwenye nguzo. Kurudi, simameni upande wa pili wa lami palepale njia panda mpungie gari lolote la Iringa. Kosta zinasimama, mabasi makubwa hayasimami. Saa saba mle mjini, apumzike mpaka saa tisa, kisha Kalenga. Makumbusho yakikaribia kufungwa mhudumu huwa hana wageni wengine, na hapo ndipo anaposimulia vizuri. Daladala za kurudi mjini kutoka Kalenga ulizeni za mwisho ni saa ngapi kabla hamjashuka kwenye ile mliyojia.